Shangazi Amefunga Cherehani?

Tarehe 9 Januari

Kwa Mama Mlezi,

Salamu nyingi. Mimi ni yule mwanamke wa juzi, mwenye mkoba wa bluu, aliyemfokea karani wenu pale mapokezi. Niombee radhi kwake. Sikuwa namfokea yeye. Nilikuwa nafoka tu, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe uliyempokea mtoto, na kwa sababu dereva wenu anayepita huku kuchukua vifaa amekubali kutubebea barua. Simu siitaki. Nikiisikia sauti yake sijui nitafanya nini: ama nitakuja kumchukua saa hiyo hiyo, ama nitafurahi kwamba yuko mbali. Yote mawili yananitisha.

Ni vizuri umjue kabla hajajionyesha mwenyewe. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Kaka alipofariki, mama wa mtoto akawa anamfungia chumbani na kwenda anakokwenda, siku nyingine harudi. Majirani ndio waliovunja mlango. Alikuwa na miaka minne. Mimi sina mume wala mtoto, nina cherehani mbili na kibanda cha ushonaji mbele ya nyumba. Nikasema, damu yangu hailelewi na watu baki. Maneno mazuri hayo, ukiyasema mbele za watu.

Jina la Sindano nilimpa mimi, maana alikuwa mwembamba na anachoma. Sasa ana miaka saba, na katika hiyo mitatu ameniuma mikono mpaka wateja wakadhani nafuga mbwa. Alificha mkate kwenye droo ya cherehani hadi panya wakahamia na familia zao. Nikimbeba ananipiga mateke, nikimweka chini anapiga mayowe. Mwezi wa Novemba alichukua mkasi akalikata gauni la bibi harusi, kifuani, na harusi ni kesho. Siku ile niliinua mkono. Sikumpiga. Lakini niliuinua, na yeye akafumba macho akangoja, ametulia kabisa, kama abiria anayengoja basi analolijua. Ndipo nilipokwenda ofisi ya ustawi wa watoto, na wao wakanileta kwenu.

Niambie kama anakula. Niambie nije lini. Na uniambie ukweli, tafadhali. Mimi ni fundi, nimezoea kuambiwa kwamba nguo imebana.

Wako,
Fundi, shangazi wa Sindano


Tarehe 20 Januari

Dada yangu Fundi,

Mungu akubariki kwa kuandika. Wengi wakishatuachia mtoto hata salamu hawaleti. Karani amekusamehe, anasema ameshafokewa na wakubwa kuliko wewe.

Usifikiri umemleta mahali pa vitanda safu kwa safu. Nyumba yetu ni ya watoto sita tu, wote wamepitia mambo ambayo hata sitayaandika. Jiko liko katikati, meza ni moja. Mimi huvaa ndala zinazopiga kelele, makusudi, ili watoto wasikie niko wapi. Ndiyo maana wananiita Mama Ndala. Hapa hatumwendei mtoto kinyemela. Tunabisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Kila mtoto ana kikapu chake cha mkate na ndizi chini ya kitanda, na kikipungua tunajaza bila kuuliza, basi hata huyo wako wa droo hana tena sababu ya kuwafuga panya. Anayetuongoza ni mtaalamu mmoja mpole wa watoto walioumizwa. Watoto wanamwita Bwana Polepole, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo, hata ukimwambia jiko linawaka moto.

Sasa habari za Sindano. Dada, ameingia na jua! Anakula, anacheka. Amemkumbatia mlinzi, amemkalia mapajani kijana anayeleta gesi, na amemwita mpishi wetu mama kabla hajaambiwa jina lake. Mimi ananishika sketi kutwa nzima. Mama hiki, mama kile. Hajamuuma mtu yeyote.

Nikuambie siri ya moyo. Mimi Mungu hakunijalia mtoto. Nimelea wa wenzangu mpaka mvi zimeingia. Najua jina hilo si langu, lakini sikio halina mlango.

Kuhusu kuja, nakushauri usubiri kwanza. Mtoto akitulia usimtikise. Wakati ukifika nitakuambia mimi mwenyewe.

Nakuombea kila siku,
Mama Ndala, mlezi


Tarehe 2 Februari

Mama Mlezi,

Barua yako nimeisoma nikaicheka, kisha nikashona mkono wa shati la mteja mgongoni. Kumbe anajua kukumbatia! Miaka mitatu nimekaa naye sikujua kama ana mikono ya kazi hiyo. Mimi alikuwa akinipa meno tu.

Nina mteja mmoja, mama mwenye maneno, aliwahi kuniambia, "Fundi, mtoto humjua asiyempenda." Nikamjibu, "Na futi ya kupimia humjua aliyenenepa." Kibanda kizima kilicheka. Lakini neno lake liliingia, na barua yako imeligongelea msumari. Mlinzi anakumbatiwa. Kijana wa gesi anakaliwa mapajani. Basi ubaya haukuwa wa mtoto. Ulikuwa nyumbani kwangu, na nyumbani kwangu tulikuwa wawili tu.

Nimemshonea gauni la kijani, lina mifuko miwili mikubwa ya kuficha vitu vyake. Lisipomfaa mpe mwingine.

Nina swali moja. Nimelifuta mara mbili kwenye karatasi hii, utapaona paliposuguliwa. Amewahi kuniulizia?

Jibu ndiyo au hapana. Sitakasirika.

Fundi


Tarehe 14 Februari

Dada Fundi,

Amani ya Mungu iwe nawe. Gauni limefika, limemkaa kana kwamba ulimpima jana. Hongera kwa mkono wako.

Uliniuliza neno. Dada, watoto husahau upesi, na kusahau kwao ni rehema. Sisi wakubwa ndio tunaobeba. Nimekuombea utuliwe mzigo. Si kila mwenye mapenzi ana uwezo, na si kila penye damu pana nyumba. Usijilaumu.

Mwishoni mwa Machi kutakuwa na kikao. Ofisi ya ustawi, mkuu wa nyumba na Bwana Polepole watakaa waamue kama Sindano atarudi kwako akishapata nafuu, au atafutiwe familia nyingine ya kudumu. Watakuuliza. Wakikuuliza usijilazimishe kwa kuogopa walimwengu watasema nini. Wako watu waliomwomba Mungu mtoto miaka yote na hawajajibiwa. Pengine jibu lao limekaa hapa mezani linakunywa uji.

Jana aliniletea ua alilochuma uani, akajilaza mapajani kwangu mbele ya wote. Wenzangu wakanitania, "Mama Ndala, huyo umeshamzaa!" Nilicheka mpaka nikaona haya.

Pumzika, dada. Yuko salama.

Mama Ndala


Tarehe 27 Februari

Mama Mlezi,

Ofisi wameniita, nimekwenda. Nimeweka sahihi kwamba sitamchukua tena, wamtafutie anayemfaa. Mwanamke wa ofisini alinipa kalamu, nikajiona naandika upesi kuliko ninavyoandika vipimo vya wateja.

Swali langu hukulijibu. Nimeelewa kwamba hapana ni hiyo, na nakushukuru kwa kuisema kwa upole.

Kitanda chake nimempa jirani. Pale nimeweka meza ya kukatia vitambaa. Kaka yangu nitamkuta huko mbele, tutazungumza mimi na yeye.

Usiniandikie tena.

Fundi


Tarehe 21 Machi

Dada Fundi,

Umenikataza kuandika, na ninaandika. Ukitaka kuichoma barua hii, ichome, ila uisome kwanza.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilikwenda mapumziko yangu mafupi. Nilimuaga Sindano vizuri, nikamwambia siku nitakayorudi, na siku hiyo nikarudi. Nilimkuta jikoni. Hakunijia. Nikamwendea mimi, mikono nimeifungua. Akaniuma hapa chini ya kidole gumba, akashikilia. Kesho yake akamwaga uji kwenye ndala zangu. Halafu akakata pazia. Akaniambia, "Wewe mbaya, nenda kwenu!" Na huku kijana wa gesi akitokea tu, anamrukia shingoni!

Niliingia ofisini kwa Bwana Polepole nalia kama niliyefiwa.

Nikamwambia, "Amenichukia. Nimemkosea nini?"

Akaniuliza, "Kijana wa gesi anaitwa nani?"

"Hata simjui jina."

"Sindano anamjua?"

"Hamjui."

"Basi. Mtoto anayemkumbatia kila apitaye hajakumbatia mtu bado. Anashika ukuta asianguke. Wewe ulipoondoka alikukosa, na kukukosa kukamtia hofu. Anaona heri akufukuze mwenyewe kuliko kuachwa. Hongera, Mama Ndala. Meno yake huwapa wale anaoogopa kuwapoteza."

Nikamuuliza, "Hata zamani ilikuwa hivyo? Kabla hajaja hapa?"

"Zamani alikuwa akimuuma shangazi yake," akasema. "Ndiyo maana tangu mwanzo nilitaka shangazi aje. Lakini si ulisema ameshindwa, bado anajipanga?"

Hapo, dada, nikaona kazi ya mikono yangu. Nikakaa sakafuni.

Sasa nakuambia bila kupuliza. Bwana Polepole aliagiza tangu juma la pili kwamba uitwe, uwe unakuja kila Jumamosi. Wewe nikakuambia usubiri. Yeye nikamwambia umesema bado unajipanga. Sikuwa na chuki nawe. Nilijiambia namlinda mtoto, nikajiombea nguvu ya kumlinda, na kila niliposali nilijiona nimekuwa mwema zaidi.

Uliniuliza kama amewahi kukuulizia. Ndiyo. Tangu siku ile ile uliyomleta. Kila jioni mashine ya kufulia ikinyamaza huko nyuma, ananijia ananiuliza, "Shangazi amefunga cherehani?" Mwanzoni sikuelewa. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema, "Akifunga cherehani anakuja kwangu." Nikawa namjibu, "Bado, ana kazi nyingi." Jioni hii hivyo, na jioni nyingine hivyo. Naye anatikisa kichwa, kama mtu mzima anayejua kwamba kazi ni kazi.

Gauni halikumkaa. Hajalivaa hata mara moja. Analala nalo, ameutafuna ukosi mpaka umekuwa kamba, na ukitaka kulifua anaingia nalo uvunguni.

Na kuna hili. Nilikwenda ofisi ya ustawi kuuliza kama mlezi anaweza kupewa mtoto wa nyumba anayofanyia kazi. Nilipotoka pale nikapitia kusali, nikashukuru. Nilimshukuru Mungu kwa kitu ambacho nilikuwa nakichukua mfukoni kwa mwenzangu. Ningeiba sadaka nisingeona aibu kama hii.

Nimewaeleza mkuu wa nyumba na Bwana Polepole yote. Nimepewa onyo kali, na sistahili pungufu. Niliomba wanihamishie nyumba nyingine. Kwa mara ya kwanza Bwana Polepole hakusema polepole. Alisema, "Unataka kujisafisha kwa maji ya mtoto? Ukiondoka leo utakuwa mtu mwingine tena aliyemwacha. Utabaki, atakuuma, na utakuwa mlezi. Basi."

Kikao kimesogezwa hadi katikati ya Aprili. Sahihi yako unaweza kuifuta kabla ya hapo, ukija mwenyewe. Ikipita siku hiyo, iko familia tayari. Ni watu wema. Wameshaonyeshwa picha yake akicheka.

Siombi msamaha kwenye barua, ni rahisi mno. Naomba uje.

Mlezi


Tarehe 25 Machi

Mlezi,

Dada leo siwezi kukuita.

Barua yako nimeisomea kibandani, wateja wawili wamekaa. Nikawatoa nje. Yule mama mwenye maneno akaniuliza, "Fundi, kuna msiba?" Nikamwambia, "Upo, ila aliyekufa bado sijamjua."

Wewe ni mtu wa sala. Ndiyo sababu nilikuamini. Nilisema, huyu hata akitaka kunidanganya ataanza kwa kumwogopa Mungu. Kumbe ulikuwa umekalia kiti changu, na kutoka hapo hapo unanitumia baraka.

Sasa nisikilize. Unajua maneno ya cherehani yametoka wapi? Alikuwa akikaa chini ya meza yangu ya kushonea, ameshika pedali, nikimwondoa anauma. Nikawa namwambia, "Ngoja nifunge cherehani, nakuja kwako." Na mara nyingi nilikuwa siendi. Naifunga cherehani, nakaa kibandani taa imezimwa, kimya, mpaka nihakikishe amelala. Nilikuwa nimeyachoka meno yake. Kwa hiyo usijisifu kwamba umemtungia mtoto uongo mpya. Uliupokea wangu ukauendeleza.

Na jingine, maana umeanza wewe. Siku niliyoweka sahihi nililala vizuri. Nililala usingizi wa bibi harusi aliyeolewa na tajiri, jua likanikuta kitandani. Niliamka mwili mwepesi. Barua yako ya uongo niliipenda, Mlezi. Iliniruhusu. Ningekuwa nataka kweli kujua kama ananiulizia, si ningepanda gari nikaja kuuliza mlangoni? Nani alinishika mguu? Wewe ulinionyesha mlango, mimi nikatoka mbio.

Hilo sijamwambia mtu.

Nitakuja Jumamosi ya kwanza ya Aprili, saa nne asubuhi. Sijui nitafanya nini akinitazama. Sijui nitafanya nini asiponitazama. Niambie wewe. Hiyo ndiyo kazi yako, si ile nyingine uliyojipa.

Fundi


Tarehe 28 Machi

Fundi,

Asante. Sitaongeza neno, nitakuambia kazi tu.

Njoo saa nne kamili. Usichelewe, na usiwahi pia, maana atakuwa ameambiwa saa nne. Usilete zawadi, ataona unajinunulia njia. Usiombe kukumbatiwa. Akimkumbatia mgeni mwingine mbele yako, na atamkumbatia, meza tu mate. Kaa chini, usimfuate, acha akujue uko wapi. Akikuuma, sema "umeniumiza", usiseme "wewe mbaya". Na ukiondoka, aga. Mwambie unaondoka, mwambie siku utakayorudi, kisha uondoke kweli. Hata akilia. Usitoroke wakati anacheza, watu wengi hufanya hivyo wakidhani ni huruma.

Mimi nitamweleza nilichofanya, mbele yako, usikie kwa masikio yako.

Mlezi


Tarehe 7 Aprili

Mlezi,

Mengi uliyaona lakini si yote, na nataka kuyaandika kabla sijaanza kuyapamba.

Nilifika mapema, nikasimama nje na mlinzi mpaka saa yenyewe. Nilipoingia ukumbini aliniona. Akageuka, akamrukia yule mama aliyekuja kumtazama mtoto mwingine, akamwita mama, akamchezea nywele, na macho ameyaelekeza kwangu. Zamani ningesema, haya, si mnaona? Nikameza mate. Nikakaa uliponionyesha.

Halafu ukaja wewe na ndala zako. Ukapiga magoti mbele yake, mbali kidogo, ukamwambia, "Sindano, nilikuwa nakuambia shangazi ana kazi nyingi. Haikuwa kweli. Mimi ndiye niliyemzuia asije. Kosa ni langu. Si lako, wala si lake." Nilingoja alie, au akuume. Akasema, "Nataka mkate." Ukaenda kumkatia mkate. Mimi nilikuja na maneno yangu ya moto, nimeyapanga njia nzima, na la mwisho lilikuwa la kukumaliza. Nilipokuona unaukata mkate upande, kama hujawahi kushika kisu, yakaniponyoka. Huo si msamaha. Usichanganye.

Alinipa mgongo muda mrefu. Kisha, bila kunitazama, akaingia chini ya kiti changu na mkate wake. Hakunigusa. Nikawa namsikia anatafuna. Makombo yanaangukia kiatu changu, mguu umekufa ganzi, na mimi sithubutu kuusogeza, mwanamke mzima nimekaa kama sanamu. Yule mama mgeni akaninong'oneza, "Wako ana haya, eh?" Nikamwambia, "Wangu hana haya hata kidogo."

Nilipotamka hilo neno "wangu", kutafuna kulisita. Hukulisikia hilo, ulikuwa jikoni.

Muda ulipofika nikamwambia, "Sindano, naondoka sasa. Nitarudi Jumamosi, saa nne."

Kutoka huko chini akasema, "Mwongo."

Nilitaka kujitetea. Nikaona hapana pa kujitetea. Nikasema, "Kweli, nilikuwa nakudanganya. Nilikuwa nafunga cherehani na siji kwako. Nilikuwa nimechoka, na sikukuambia." Akatoka uvunguni. Akanitazama usoni muda mrefu, kama mtu anayetafuta mshono ulipokosewa. Kisha akaniuma, hapa kwenye kiganja, si kwa nguvu. Nikasema ulivyonifundisha. Akaachia.

Nimepitia ofisi ya ustawi, sahihi nimeifuta. Mwanamke wa ofisini ameniambia hiyo peke yake haitoshi. Kikao kitangoja, watatazama kama nitakuja kila Jumamosi mpaka mwisho wa mwaka. Nikikosa bila sababu, anakwenda kwa ile familia. Ni haki yao. Hata mimi nisingemwazima mtu kama mimi mkasi.

Sasa hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilipofika getini nilimsikia. Kwangu alikuwa akipiga mayowe, Mlezi, sijawahi kumsikia analia. Ni vitu viwili tofauti. Nikalishika geti. Mlinzi akaniambia, "Mama, nenda. Umeaga." Nikaenda, na sauti ikaja na mimi mpaka barabarani.

Niambie alilia mpaka lini. Usipunguze.

Fundi


Tarehe 9 Aprili

Fundi,

Sipunguzi.

Alilia mpaka mwanga wa dirishani ukabadilika. Alivunja kikombe. Alinipiga teke la tumbo. Mimi na mpishi tulikaa sakafuni, huyu upande huu na yule upande ule, hatumgusi na hatumwachi. Alikuita. Siku zote alikuwa akiuliza habari zako kwa sauti ya chini, kama anayeuliza saa. Jumamosi alikuita kwa koo zima, na kila alipokuita nilisikia kilio ambacho kingetoka tangu Januari, nikakifungia mimi. Nilitamani kuziba masikio. Sikuziba. Usingizi haukumchukua mpaka sauti ilipokauka kabisa, na gauni lako lilikuwa mdomoni.

 Jumapili kijana wa gesi alikuja, hakumkimbilia. Akamtazama tu, kisha akamuuliza jina lake.

Jana ndipo aliponijia. Hakuja mapajani, siku hizo zimekwisha, na ni vema. Alisimama mlangoni pa jikoni akaniuliza, "Jumamosi ikifika, halafu asije?"

Mdomo ulishafunguka. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi: atakuja, mwanangu, usiwe na wasiwasi. Maneno ya namna hiyo ndiyo niliyoyaishi, Fundi, yananitoka kama pumzi. Nikalimeza. Nikamwambia, "Sijui. Amesema atakuja. Siwezi kumjibia. Lakini nitangoja pamoja na wewe."

"Wewe hujui kitu."

"Kweli."

Akafikiri. "Mpishi anajua?"

"Naye hajui."

"Bwana Polepole?"

"Hata yeye."

Akanitazama kwa hasira, kama mtu aliyeletwa kuishi nyumba ya wajinga. Kisha akachukua kiti chake kidogo chekundu, akakiburuta mpaka ukumbini, akakiweka kinatazama mlango. Anayetaka kufagia pale anamuuma. Tumeacha kufagia.

Leo ni Jumatano, na ameshavaa viatu.

Njoo.

Mlezi